Siku Gatwiri Alipohesabiwa

Watu husema waridi linanukia. Mimi mnisamehe, kwangu linanuka. Juzi mteja mmoja aliingia dukani kwangu hapa Makutano kuchukua sketi za shule za wanawe, simu yake ikalia, akaacha shada la maua juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa akatoka nje kuongea. Kabla hajarudi nilikuwa nimesimamisha cherehani na kufungua dirisha, kichwa kinanigonga. Ni ile harufu tamu, na nyuma yake harufu nyingine ya dawa ya kunyunyizia, chungu kidogo, inayokaa kooni. Hiyo ndiyo harufu ya mikono ya dada yangu. Ilishuka naye kutoka Timau Krismasi ile ya kwanza, na aliponikumbatia nilijitoa mikononi mwake. Nilidhani ni mtu mwingine ametumwa badala yake.

Sikudhani hivyo kwa ujinga tu. Nilikuwa na sababu zangu, na leo nitazisema, maana wengi wenu mliosoma wakati wetu mtazijua hata kama hamkuzaliwa kwetu.

Kwetu ni chini ya Nkubu, kwenye mteremko wa kahawa na migomba, udongo mwekundu unaong'ang'ania kiatu mvua ikinyesha. Tulikuwa Baba, Mama, Cucu aliyemzaa Baba, dada yangu Gatwiri, na mimi kitinda mimba. Gatwiri alikuwa mtu wa kila kitu. Aliweza kuwasha moto kwa kuni mbichi. Alimjua ng'ombe mgonjwa kabla hajaacha kula. Ukimwuliza jambo kwa mdomo alikujibu sawasawa, tena kwa utani. Lakini ukimwekea karatasi mbele yake, basi. Aliitazama karatasi kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limeondoka. Siku hizi watoto kama yeye wana jina lao na walimu wao. Wakati ule jina lilikuwa moja, na aliitwa nalo mbele ya darasa zima.

Shule yetu ilikuwa ya serikali, ndogo, na ilikuwa na hofu. Mtoto huisikia hofu ya wakubwa hata kama haelewi inatoka wapi. Hedimasta wa kwanza niliyemjua alikuwa mama mnene mpole. Mwaka mmoja matokeo ya darasa la nane yalikuja mabaya, wazazi wakapanda asubuhi na kufuli mpya, wakafunga lango, wakamtoa mama wa watu ofisini na kumsindikiza hadi barabarani wakiimba. Walioimba ni majirani zetu, watu wa kanisani. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye tope karibu na mlingoti wa bendera, na hakuna aliyekigusa. Kilikaa pale hadi majani yakaota ndani yake.

Aliyekuja baada yake alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, na kila alipopita pale alikitazama kile kiatu. Nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, na sisemi nimemsamehe. Alikuwa na hofu mbili zinazovutana. Wazazi walitaka wastani wa mtihani upande, na wastani hupanda ukiwaondoa wanaouvuta chini. Serikali nayo ilileta fedha za shule kwa kadiri ya vichwa vya watoto, na palikuwa na uvumi kwamba shule ndogo zitaunganishwa na nyingine, walimu wahamishwe. Kwa hivyo siku ya serikali alitaka watoto wengi, na siku ya mtihani aliwataka wachache. Sasa wewe niambie mtoto kama Gatwiri angewekwa wapi.

Aliwekwa nje, siku za mitihani ya majaribio. Wenzake wakiandika, yeye alitumwa kuteka maji ya chai ya walimu au kuokota kuni za jikoni, kisha kesho yake anaruhusiwa kurudi darasani kama hakuna kilichotokea. Hakulalamika, kwa sababu macho yake yalikuwa mbali zaidi. Alitaka ule mtihani wenyewe, wa kitaifa. Mnakumbuka siku ya maombi ilivyokuwa: watahiniwa wamepiga magoti uwanjani, kila mmoja ameinua penseli yake mpya, mchungaji anapita akiziombea, na mama zao nyuma wamebeba sufuria za mukimo wa viazi na mahindi. Gatwiri alikuwa ameiona siku hiyo miaka mingi kutoka pembeni. Alimsumbua Baba mpaka akamnunulia penseli mapema, akaifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuichomeka juu ya mwamba wa paa, bila kuichonga. Usiku tukilala aliniambia, nitapiga magoti pale, hata nikianguka mtihani nitakuwa nimeufanya.

Basi siku moja likaja neno kutoka shuleni kwamba watu wa elimu wanakuja kuhesabu watoto. Kila aliye na mtoto amlete, hata aliyeacha shule, hata ambaye umri wake haujafika. Mama alifurahi, akafua sweta zetu mchana huohuo. Cucu alikuwa uani anapepeta njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu. Aliweka uteo chini.

Lazima niwaelezeni jambo hili. Cucu hakuhesabu kitu chenye uhai. Mbuzi wake aliwajua kwa sura, na jioni aliwaita mmoja mmoja wakiingia zizini. Sisi watoto vilevile, wakati wa chakula alituita kwa majina. Ukimwuliza una wajukuu wangapi alikujibu, "Wapo." Kwake, kuhesabu watoto ni kumwonyesha asiyeonekana kwamba wametosha kupunguzwa. Hayo hakuyatunga yeye. Wazee wengi wa kwetu waliishi hivyo, na hata leo utawapata wanaokwepa kutaja idadi ya watoto wao bila kujua kwa nini.

Mama alimwambia kwamba hii ni serikali, si wachawi. Cucu hakubishana naye. Asubuhi, tukiwa tayari kutoka, alituita nyuma ya ghala, akampa kila mmoja wetu punje ya njahi, nyeusi yenye mstari wake mweupe. Akatuambia tuishike kwa nguvu yule mtu akitufikia.

"Ahesabu njahi," alisema. "Asikuhesabu wewe."

Mimi niliifumbata hadi kucha zikaniingia kiganjani. Tulipofika kwenye kijito kinachogawa shamba letu na la jirani, Gatwiri alifungua mkono wake akaitazama punje yake, kisha akaitupa majini.

"Mimi nataka nihesabiwe," akasema.

Nililia. Nilimwambia nitamsemea kwa Cucu. Akanifuta kamasi kwa mkono wa sweta yake, akacheka, tukaendelea kupanda.

Ukungu ulikuwa haujainuka uwanjani. Gari jeupe lilisimama karibu na ofisi, na walimu walikuwa wakitupanga mistari kwa kunong'ona. Nilipogeuka sikuamini macho yangu. Palikuwa na watoto ambao sikuwahi kuwaona shuleni. Wachungaji wa mbuzi wamevishwa sweta za kaka zao, watoto wa kunyonya vidole wamesimamishwa kwenye mstari wa darasa la kwanza, na nyuma ya vyoo msichana wa jirani aliyekwisha kuzaa alikuwa ananyonyesha upesi, sketi ya shule imemkaba kiunoni, ili arudi mstarini kabla ya kufikiwa. Hakuna aliyecheka. Hata wale wadogo walikuwa wamenyamaza, na nilisikia kikohozi cha hedimasta kikizunguka ndani ya ukungu.

Mhesabu alikuwa kijana aliyevaa gambuti mpya. Alipita akigusa kila mmoja begani kwa kalamu yake, midomo ikicheza bila sauti. Aliponifikia nilifumba macho, nikabana njahi yangu. Kalamu ilinigusa, ikapita, nikashusha pumzi. Nikafumbua macho nimwone dada yangu kwenye mstari wa darasa la nane.

Gatwiri alisimama wima kuliko wote, kidevu juu, anatabasamu. Kalamu ikamgusa. Kisha yule kijana akasita, akakunja uso, inaonekana hesabu ilimpotea. Akarudi nyuma kidogo, akamgusa Gatwiri mara ya pili. Na hedimasta aliyekuwa akimfuata alimtazama dada yangu akamtabasamia, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu aje shule ile.

Tulipofika nyumbani nilisema yote. Nilisema ametupa njahi, na amehesabiwa mara mbili. Cucu hakumgombeza Gatwiri. Jioni alipotuita kula aliita jina la Gatwiri, akangoja aitike, kisha akaliita tena.

Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka kahawa ilikuwa imeiva wakati hedimasta alipokuja nyumbani kwetu, mwenyewe, kwa miguu. Kwetu mwalimu alikuwa anamfuata padre kwa heshima. Mama alitoa kiti chenye mto, Baba akavua kofia, chai ikachemshwa upya kwa maziwa mengi. Mwalimu alimsifu Gatwiri sana. Alisema ni msichana mwenye mikono mizuri na roho nzuri. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mzee, tumefikiria sana juu ya huyu mtoto," alisema. "Kuna shule itakayomfaa zaidi, huko Timau. Si dada yako yuko huko?"

Shangazi yetu alikuwa kweli Timau. Mwalimu akaeleza kwamba huko darasa la nane si kubwa, atasaidiwa, atafanya mtihani wake vizuri, tena hewa ya baridi hufungua kichwa. Baba alisikiliza huku akizungusha kofia magotini.

"Asante, mwalimu," alisema. "Asante sana kwa kutukumbuka."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la watu wa kwetu hasa. Hakuna aliyeuliza jina la shule. Kumwuliza mwalimu swali kama hilo ilikuwa kama kumwambia humwamini, na huwezi kumvunjia mtu heshima akiwa anakunywa chai yako. Baba alimsindikiza hadi barabarani, akarudi akisema sasa mambo yamenyooka. Gatwiri alifurahi kuliko wote. Alitoa penseli yake juu ya mwamba wa paa, akaifuta masizi, akaiweka katikati ya nguo zake. Mimi niliivizia sketi yake ya shule, nikaitia njahi yangu kwenye upindo uliofumuka. Sijui kama ilifika Timau.

Cucu peke yake hakumuaga aliyekuwa akienda. Alikaa na uteo wake, na watu walipomwita alisema macho yanamwuma.

Huko Timau, shangazi alimpeleka shule iliyo karibu. Nayo ikasema haina habari zake. Watahiniwa walikwisha kusajiliwa kitambo, na jina lake lilikuwa limeondolewa kule nyumbani. Wakampa pole, wakamwambia angoje mwaka unaofuata. Shangazi alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua, na kule hawakosi kazi ya msichana mwenye mikono mizuri. Basi Gatwiri akaenda kufunga waridi, kwa muda tu. Penseli yake ilitumiwa na watoto wa shangazi hadi ikaisha. Mwaka unaofuata haujafika mpaka leo.

Kwetu siku ya maombi ilikuja kama kawaida. Nilisimama pembeni nikaangalia watahiniwa waliopiga magoti, wachache, wamepangwa vizuri. Matokeo yalipotoka wastani ulikuwa umepanda sana. Wazazi walewale wa kufuli walimbeba hedimasta mabegani kuzunguka uwanja, na mukimo uliliwa mpaka jioni. Nami nilikula, nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa. Lakini nilimtazama akiwa juu kule, anacheka kwa woga, anashika vichwa vya watu asianguke, nikasema moyoni, kumbe hesabu ilikuwa ya kweli. Yule mtu wa kalamu alikuja kuchagua, na akamchagua aliyetaka kuhesabiwa.

Hayo ndiyo niliyoamini. Niliamini Gatwiri amechukuliwa kwa sababu hakuwa na njahi, na kwamba wale watoto wote wa kuazima, wachungaji na wanyonya vidole na yule mama mdogo, watafuata mmoja mmoja. Nilikuwa nikiwapita njiani nikiwaonea huruma. Na Gatwiri aliporudi Krismasi akinuka maua na dawa, ngozi ya vidole imekauka na kupasuka, mtoto gani angekubali kwamba huyo ndiye dada yake? Ilichukua siku nzima ya utani wake ndipo nikamkaribia.

Kitu kilichonichekesha baadaye, kicheko cha uchungu, ni kwamba kwa serikali Gatwiri hakuondoka kamwe. Alikwisha kuhesabiwa, tena mara mbili. Mwaka mzima alinunuliwa chaki na vitabu katika darasa asimokuwamo. Hedimasta naye alipandishwa cheo akaenda shule kubwa, na kikohozi chake.

Mimi nilisoma kidogo, nikajifunza cherehani, na mkate wangu leo ni sare za shule. Mageuzi ya elimu nayajua kwa vitambaa. Mtaala ukibadilika, rangi ya sweta hubadilika, na wazazi huja dukani wananilaumu mimi kama kwamba ndimi niliyekaa na waziri. Ule mtihani wa darasa la nane ulipofutwa, wengi walishangilia hapa mlangoni. Mimi nilimpigia Gatwiri simu Timau nimpe habari. Nilidhani atafurahi.

"Nilikuwa nimepanga nikaufanye," alisema. "Watu wazima walikuwa wanaruhusiwa."

Sikujua. Miaka yote hiyo, sikujua.

"Nyinyi mwasema fulani alianguka, fulani alianguka," akaendelea. "Mimi hata kuanguka sikupewa."

Sasa sikieni. Kitinda mimba wangu, Makena, yuko junia, ile sekondari ya chini. Amechukua mikono ya mama yake mkubwa Gatwiri, anaweza kuifumua cherehani na kuirudisha, na mbele ya karatasi hukwama kama yeye. Muhula huu ulipoanza tuliletewa ujumbe kwenye simu, wazazi wote, kwamba Alhamisi kila mtoto awepo shuleni bila kukosa, hata mgonjwa aletwe, kuna maafisa wanakuja kuthibitisha idadi. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Mimi ni mkristo, naimba kwaya. Lakini asubuhi ya Alhamisi nilitoa punje ya njahi kwenye debe la jikoni, nikaishonea kwenye upindo wa sketi yake. Makena aliipapasa akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni uzito, ili sketi ikae vizuri.

Jana Gatwiri alishuka kuja hospitalini kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo siku hizi havikunjiki vyote, akapitia kwangu. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, ananipangia vifungo kwa rangi, polepole. Simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa darasa wa Makena, sauti ya upole sana. Alimsifu. Alisema ni msichana mwenye mikono mizuri. Akasema tathmini ya kitaifa inakaribia, na wao kama shule wamefikiria sana, wanaona kuna shule itakayomfaa zaidi.

Nikamwambia, "Asante, mwalimu."

Nilikata simu, nikabaki nimeishika. Gatwiri aliuliza wamesema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Aliacha vifungo, akainua macho.

"Inaitwaje?" aliuliza. "Hiyo shule."

Sikuwa nimeuliza. Nje makanga wa matatu walikuwa wanaitana, lori lilikuwa linarudi nyuma, watu wanapita na shughuli zao. Dada yangu alisimama kwa taabu, akalisukuma bakuli la vifungo kando, akachukua kitambaa changu cha kichwa kwenye msumari akanipa.

"Funga duka," akasema. "Twende tukaulize. Na leo usiseme asante."